Bi Mwanabaraka na Kukhitimu kwa Stumai

Miaka ile ya vita, sukari ilipokuwa ikigawiwa kwa foleni na kipande cha kitambaa cha marekani kikitafutwa kama dawa, palikuwa na mwanamke mmoja katika mji wa Singida ambaye watu aliowaheshimu walihesabika kwa vidole, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Jina lake Mwanabaraka binti Mselemu. Baba yake alikuja bara na misafara akitokea Bagamoyo, akaoa Mnyaturu, akafungua duka la chumvi na shanga, akafa hana kitu. Alichomwachia binti yake ni kusoma. Mume wake, mnunuzi wa samli na ngozi, naye alikufa, akamwachia nyumba ya udongo yenye ukumbi mpana, upande wa mji unaotazama ziwa la Singidani. Basi Bi Mwanabaraka akatandika mikeka ukumbini, akafungua chuo cha Kurani.

Hakufundisha kama walivyofundisha wengine. Kwake hakukuwa na kuimba pamoja mpaka paa litikisike. Kila asubuhi mtoto aliitwa peke yake, akae mbele ya mwalimu, magoti yakigusana na magoti, ubao katikati. Bi Mwanabaraka alichukua kijiti, akagusa herufi, si ya kwanza ila yoyote aliyoipenda. "Hii?" Kisha akaruka mstari. "Na hii?" Mtoto aliyejibu sawa aliandikiwa somo jipya. Aliyekwama alirudishwa somo la jana, na kama la jana nalo lilikuwa limetoka, alirudishwa la juzi. Hakupiga. Fimbo alikuwa nayo ya kufukuzia kuku tu. Lakini alikuwa na uso. Mtoto akikosea, mdomo wa Bi Mwanabaraka ulibetuka upande mmoja, na pua ikapanda, na huyo mtoto angependelea kuchapwa.

"Kujua ni kwa kila siku," alikuwa akiwaambia akina mama. "Ukingoja mwisho wa shamba ndipo utazame kama mbegu iliota, utakula majani."

Akina mama waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," huku wakitazama jua. Bi Mwanabaraka aliwadharau kwa hilo. Aliwadharau makarani wa boma waliotembea na kalamu mfukoni na kuandika majina yao kwa Kiingereza, ilhali alifu kwa kijiti hawaijui. Aliwadharau wenye maduka, ambao walijua bei ya samli ya Mkalama na Iramba kuliko walivyojua nguzo za dini yao. Kuwadharau watu kwake kulikuwa kama kuvuta pumzi. Hata hakujua kwamba anafanya hivyo.

Kisha akaja Mwalimu Kombo.

Alishuka kwenye gari moshi la Manyoni na sanduku la bati, kanzu nyeupe isiyoonekana kupitiwa na vumbi, na sauti tamu ajabu. Akapanga chumba karibu na soko. Watoto wa kwake walikaa wote pamoja, yeye akisoma, wao wakiitikia kwa kuyumba, na wapita njia wakisimama kusikiliza. Mtoto aliyekaa miaka kwa Bi Mwanabaraka akihangaika na Juzuu Amma, kwa Kombo alikhitimu kabla mvua hazijarudi. Na akikhitimu, palikuwa na karamu. Mtoto alivishwa, akapitishwa mitaani kwa dufu, akasoma mbele ya watu, pilau ikaliwa.

"Anafuga kasuku," Bi Mwanabaraka alisema, akasonya.

Katika wanafunzi wa Bi Mwanabaraka alikuwamo Stumai, binti wa Idrissa mwenye duka la nguo. Idrissa alikuwa mtu wa tumbo na saa ya mnyororo, na aliiangalia saa ile hata pale ambapo hapakuwa na jambo la kuwahi. Jirani yake, muuza ngozi, alikuwa amemkhitimisha mwanawe kwa Kombo, mbuzi wakachinjwa, na sifa zake zikafika hadi Itigi kwa watu wa reli. Tangu siku hiyo Idrissa hakulala vizuri. Alasiri moja akaja kwa Bi Mwanabaraka, akapiga hodi, akakaa juu ya kigoda kilicholia chini yake.

"Bi Mwanabaraka, nataka Stumai akhitimu kabla ya mfungo."

"Mfungo wa mwaka gani?"

"Huu unaokuja."

"Hajafika. Anasoma vizuri, lakini bado anapapasa kwenye maneno mapya. Mwache."

"Muuza ngozi mwanawe ni mdogo kuliko Stumai."

"Mwana wa muuza ngozi akifunguliwa msahafu juu chini atasoma vilevile," alisema Bi Mwanabaraka. "Unataka mtoto msomaji au unataka pilau? Kama ni pilau, pika leo. Nani amekukataza?"

Idrissa aliangalia saa yake. "Watu wanauliza."

"Watu!" Mdomo ukabetuka. "Watu hao hao wanaosaini kwa dole gumba?"

Idrissa mwenyewe alikuwa akisaini kwa dole gumba. Akainuka, akaaga kwa adabu, na kesho yake Stumai hakuja chuoni. Alikuwa amepelekwa kwa Kombo.

Bi Mwanabaraka hakumfuata. Alipomwona Idrissa sokoni alimpita kama anavyopita jiwe, na mawe Singida si haba. Lakini moyoni lilimkaa. Stumai alikuwa mwanafunzi wake bora, mtoto mwenye macho mepesi, ambaye akianza kukosea alijisahihisha mwenyewe kabla ya kuambiwa. Mara nyingi Bi Mwanabaraka alikuwa amewaza kwamba huyu, angalau huyu mmoja, angekuja kushika chuo baada yake.

Kabla ya mfungo karamu ikawa. Sukari iliyokosekana mjini kwa watu wengine ilipatikana kwa Idrissa, magunia kwa magunia, wala hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Wanaume walikaa barazani, wanawake chumba cha ndani, katikati pametundikwa pazia la kanga. Bi Mwanabaraka alialikwa, kwa kuwa kutomwalika kungeonekana kama kumwogopa. Akaenda, kwa kuwa kutokwenda kungeonekana kama kuona wivu. Akakaa karibu na pazia, akakataa chai.

Stumai aliketishwa barazani karibu na mlango, wanja machoni, ushungi mpya, msahafu mbele yake juu ya marufaa, kile kiegemezo cha mbao. Mwalimu Kombo alikaa kando yake akitabasamu kwa kila mtu. Mtoto akaanza, na sauti yake ilikuwa nzuri. Kombo, mpe haki yake, alijua kufundisha sauti. Wazee walitikisa vichwa. Mama mmoja akafuta machozi. Bi Mwanabaraka alichungulia kwenye mwanya wa pazia akaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyelitazama: kidole cha mtoto kilikuwa mstari mmoja, sauti mstari mwingine.

Sura ikaisha. Watu wakasema, "Mashaallah." Ndipo Bi Mwanabaraka akapaza sauti toka nyuma ya pazia.

"Mashaallah, Stumai. Sasa, mwanangu, funua mbele, popote kidole kitakapoangukia, utusomee mstari mmoja tu."

Vichwa vikageukia pazia.

"Bi Mwanabaraka," alisema Kombo kwa upole, "leo ni siku ya furaha, si siku ya mtihani."

"Na ulimtahini siku gani, Mwalimu?"

Wanawake wakacheka chini ya ushungi. Idrissa akaangalia saa. Stumai akafunua. Aliweka kidole, akafungua mdomo, akasema, "Wa..." Akanyamaza. Akasema tena, "Wa..." Akamtazama Kombo, lakini Kombo alikuwa akitazama dari. Akageuka akalitazama pazia, akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha machozi yakamtoka, na wanja ukashuka mashavuni hadi kwenye ushungi mpya.

"Mtoto ameona haya," alisema mzee mmoja. "Na haya ni sehemu ya imani."

"Kweli kabisa," walisema wote kwa pamoja, wakafurahi kuwa neno limepatikana.

Idrissa akapiga makofi, masinia yakaingia. Na hapo ndipo Bi Mwanabaraka alipouona mji wake jinsi ulivyo: mikono yote ilikwenda kwenye wali. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtoto alikuwa hajui kusoma, mbele ya macho yao, na jambo lililowashughulisha ni nani kapata paja. Alijifunga kanga yake akatoka, akirudi nyumbani na upepo wa ziwani usoni, na kwa kweli alikuwa na furaha. Alikuwa ameshinda.

Mjini ilisemwa kwamba mjane ameingiwa na kijicho. Wazazi kadhaa wakawatoa watoto wao. Bi Mwanabaraka alisonya, akaukunja mkeka mmoja.

Siku chache baadaye alikuja Johari, mama yake Stumai. Alikuwa mwanamke mnyenyekevu, Mnyiramba aliyesilimu alipoolewa, na mpaka siku hiyo Bi Mwanabaraka hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akisema maneno zaidi ya salamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeniletea makombo ya pilau?"

Johari hakukaa. "Mwalimu, siku ile ulijua kwamba hajui?"

"Nilijua. Nilikiona kidole."

"Basi uliuliza ili upate nini?"

Bi Mwanabaraka akanyanyua pua. "Ili watu wajue."

"Wamejua nini? Ulitaka Kombo aaibike. Kombo alikula sahani mbili akaongezwa nyama. Aliyeaibika ni mwanangu. Hatoki nje. Ukimtajia msahafu anajifunika shuka." Johari akasogea hatua moja. "Mtu akiona jipu la mtoto, halitumbui katikati ya soko ili amcheke mganga mwenzake."

"Ninyi ndio mliompeleka huko."

"Baba yake ndiye aliyempeleka. Mimi nani aliniuliza?"

Akageuka, akaenda zake. Bi Mwanabaraka alibaki na jibu zuri mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kulisikia.

Maneno yale yalimsumbua, lakini si kwa namna ambayo Johari angependa. Alijiambia: mtoto huyu nilimpa msingi mimi. Kombo amemwaga takataka juu yake, lakini msingi upo chini. Nitakwenda niufagie, nimwonyeshe mama yake kazi yangu ilivyokuwa. Basi hakwenda kuomba radhi. Alikwenda kutoa ushahidi. Akachukua ubao na kijiti, akapita uchochoroni, akaingia kwa Idrissa kwa mlango wa uani wakati mwenye nyumba yuko dukani.

Alimkuta Johari akimsuka Stumai, nusu ya kichwa tayari, nusu imesimama. Stumai alimwona akainamisha uso magotini.

"Endelea na jiko lako," Bi Mwanabaraka alimwambia Johari. "Nitamaliza mimi."

Johari akainuka, akampa kitana.

Bi Mwanabaraka akakaa kwenye kiti, mtoto chini katikati ya magoti yake, mgongo kwake. Akasuka mistari miwili. Kisha akauandika ubao kwa chaki, akauegemeza kwenye kinu mbele ya mtoto. Aliandika somo dogo kabisa, la watoto wa mwanzo: be, te, nuni, ye, zimeungwaungwa, kinachozitenganisha ni nukta tu.

"Hakuna mtu hapa," alisema. "Mimi na wewe na kuku. Nisomee."

Stumai akaanza polepole. Herufi ya kwanza akakosea. Akageuza shingo kutazama nyuma.

"Tulia, utaharibu nywele. Tena."

Akasema nyingine, akakosea tena, akageuka tena. Bi Mwanabaraka akamshika kichwa akakirudisha mbele.

"Unageuka nini? Ubao uko huko."

"Nataka kuona uso wako, Bi."

"Uso wangu una nini? Umeandikwa?"

Kuku akapita mbele ya ubao.

"Sema."

"Nikikosa, Bi, mdomo wako unakwenda hivi." Na bila kugeuka, Stumai akaubetua mdomo wake. Bi Mwanabaraka hakuuona, lakini aliona shavu likivutika. "Basi najua si hiyo. Nasema nyingine. Mdomo ukitulia, najua ndiyo."

Mikono ya Bi Mwanabaraka ikasimama kwenye nywele.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Bi. Tangu alifu."

Alimgeuza mtoto, akamkalisha mbele yake kama walivyokuwa wakikaa chuoni, magoti kwa magoti. Alitaka kusema kwamba ni uongo. Akagusa herufi kwa kijiti, be, nukta moja chini, herufi ambayo mtoto wa miaka mitano anaijua.

"Hii?"

"Be," alisema Stumai, na ilikuwa sawa.

Bi Mwanabaraka akabetua mdomo kwa makusudi.

"Te, Bi," alisema Stumai haraka. "Te."

Bi Mwanabaraka akakiweka kijiti chini.

Sasa alielewa yale macho mepesi. Alielewa kujisahihisha kwake kabla ya kuambiwa, ambako alikuwa akikusifia moyoni miaka yote ile. Alielewa pia kwa nini mtoto alilitazama pazia siku ya karamu: alikuwa akiutafuta uso uliokuwa ukimsomea. Kombo hakuharibu kitu. Hapakuwa na kitu cha kuharibu. Kombo alikuwa amefuga kasuku, na yeye, Mwanabaraka binti Mselemu, mwenye kuuliza kila mtoto kila siku, alikuwa amefuga mbwa anayetazama mkono wa bwana wake ajue aende au akae. Kila asubuhi alidhani anapima mtoto anajua nini. Mtoto ndiye aliyekuwa akimpima yeye.

Dharau yote aliyoigawa mjini kwa miaka mingi ikamrudia kwa pamoja, nayo haikuwa nyepesi. Akajiona mjinga kuliko makarani. Akajiona mjinga kuliko Idrissa, maana Idrissa hakudai kujua.

"Unalia, Bi?" Stumai aliuliza.

"Moshi wa jiko la mama yako," alisema. "Geuka. Nywele hazijaisha."

Akazimaliza. Alipokuwa akitoka alimkuta Johari mlangoni, mikono ina unga. Maneno ya kuomba radhi hayakumjia. Hakuwa na mazoea nayo. Alichosema ni hiki: "Hajui. Na kwangu hakujua. Nitaanza upya, ukikubali."

Johari akajipangusa unga. "Baba yake hatakubali. Mtoto amekhitimu, arudi alifu? Ataona aibu mbele ya watu."

"Basi nitakuja kumsuka."

Na ikawa hivyo. Tangu hapo nywele za Stumai zilihitaji kusukwa mara nyingi mno, mpaka Idrissa akauliza kama binti yake anaota nywele usiku. Mtoto alikaa chini, ubao kwenye kinu, mwalimu nyuma yake. Akikosea, mikono ile iliendelea kusuka kwa mwendo ule ule, na sauti ikasema tu, "Tazama nukta." Ilikuwa kazi ngumu kwa wote wawili. Kuna siku Stumai alilia, akasema ni rahisi zaidi kumwangalia. Kuna siku Bi Mwanabaraka alitoka pale akaenda nyumbani akausonyea ukuta, kwa kuwa mahali pengine pa kusonyea alikuwa amejikataza.

Chuoni kwake mwenyewe aliwasikiliza upya watoto wote waliobaki, amewapa mgongo, akimenya karanga. Wengi walianguka. Akawarudisha nyuma, na wazazi wawili watatu wakaja kugomba.

"Mtoto alikuwa Juzuu Amma, leo yuko fataha, kwenye irabu za mwanzo?"

"Hakuwa Juzuu Amma. Mimi ndiye niliyekuwa Juzuu Amma."

Hawakuelewa, wakawatoa watoto wao wakawapeleka kwa Kombo. Bi Mwanabaraka aliwatazama wakienda, akawadharau kidogo, kwa siri. Si kila ugonjwa unapona.

Kombo hakupatwa na lolote. Aliendelea kunenepa kwa karamu, akaoa mara ya pili, na watu wakampisha njia. Alipokutana na Bi Mwanabaraka alimsalimu vizuri sana, naye aliitikia, akapita.

Stumai alisoma. Ilichukua muda mrefu kuliko vile Idrissa angeweza kuvumilia kama angejua. Siku moja, wakati wa mavuno ya mtama, alifunguliwa msahafu popote, mwalimu akiwa nyuma yake, akasoma ukurasa mzima, kidole na sauti vikitembea pamoja kama watu wawili njiani. Alipofika mwisho aliuliza, "Sasa nimekhitimu, Bi?"

"Ulikhitimu zamani, ukala pilau. Sasa unasoma. Fungua ukurasa mwingine."

Vita vilikwisha, reli ya Manyoni ikang'olewa, na Stumai akaolewa Mgori, kwa mkulima mwenye shamba karibu na msitu. Huko hapakuwa na chuo. Akatandika ngozi za ng'ombe chini ya ukingo wa paa, akaanza kuwafundisha watoto wa majirani. Bi Mwanabaraka alipopata habari alikuwa mzee na miguu imevimba, lakini alipanda lori la mahindi akaenda kujionea.

Alikaribishwa kiti, akapewa uji. Watoto wakasoma mmoja mmoja, na Stumai aliwasikiliza amejiinamia, macho kwenye mkono wake unaopepeta karanga. Bi Mwanabaraka alivumilia alivyoweza. Mwishowe ikamshinda.

"Yule wa mwisho, mwenye kovu," alisema kwa sauti ya chini, "hajui. Amekosa mara tatu. Mrudishe."

"Najua, Bi," alisema Stumai. "Juzi alikosa kila herufi. Leo amekosa tatu. Kesho nitaanza na hizo tatu."

Bi Mwanabaraka alimtazama yule mtoto, aliyekuwa tayari amesahau kusoma na anamvuta mbuzi sikio. Alitaka kusema tena kwamba arudishwe. Badala yake akalinyosha bakuli lake, akaomba aongezwe uji.